Mtoto wa Nyoka ni Nyoka, Lakini Chakula Chake ni Kingine

Tangu shule ya msingi tumefundishwa methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Darasani tunaieleza kwa haraka: mtoto hurithi tabia za mzazi, basi. Makala haya hayana ugomvi na methali hiyo inapozungumzia binadamu. Ugomvi wangu ni na watu walioigeuza kuwa somo la ufugaji. Mjini Kasese na kwetu Bwera nimekutana na vijana wanaookota mayai ya nyoka mashambani, wakayaweka ndani hadi yaanguliwe, kisha wakaanza kuwasukumia watoto chakula kooni kwa sababu eti "wamekataa kula". Wanaamini kwamba wanawaokoa. Mimi nasema wanawaua, na tena wanawaua kwa ujinga unaoweza kuepukika.

Kosa la kwanza ni haraka. Mtoto wa nyoka haanguliwi akiwa na njaa. Hupasua ganda kwa jino dogo lililo mbele ya mdomo, kisha anaweza kukaa siku moja au mbili kichwa kikiwa nje na mwili ukiwa ndani, akimalizia kufyonza kiini cha yai. Kiini hicho ndicho akiba yake ya siku za mwanzo. Wengi hawagusi chakula chochote mpaka wajivue ngozi mara ya kwanza, na kwa kawaida hilo huchukua wiki moja hadi mbili. Katika muda huo wanahitaji maji, joto na mahali pa kujificha.

Watafiti waliowafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 walimwona mama akibaki na watoto wake shimoni kwa muda wa wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa. Mchana watoto huota jua mlangoni mwa shimo, usiku hujificha katikati ya mikunjo ya mwili wa mama. Muda wote huo mama mwenyewe hali, wala hawaletei watoto chakula. Ikiwa chatu, anayeweza kumkaba na kummeza swala, haoni haja ya kuwalisha wanawe siku ya tatu, kijana mwenye kijiti mkononi ana haraka gani?

Na tukitazame hicho kijiti. Mtoto wa nyoka wengi wa hapa kwetu ana unene wa kalamu au pungufu yake. Taya zake ni nyororo kama mifupa ya dagaa. Ukimfungua mdomo kwa nguvu unaweza kumvunja meno, kumtegua taya au kumchana koo. Tundu lake la pumzi liko palepale kwenye sakafu ya mdomo, kwa hiyo chakula kikibonyezwa vibaya majimaji yake huingia pafuni. Hata kikipita salama, nyoka aliyetishwa mara nyingi hukitapika, na kutapika kunamnyang'anya maji na nguvu alizobakiza. Kesho yake mlezi anaona mtoto amedhoofika zaidi, naye analazimisha tena. Mwishoni anasema alijaribu kila njia. Ukweli ni kwamba alijaribu njia moja tu, mara nyingi.

Kosa la pili ndilo linalotokana na ile methali. Watu hufikiri kwamba chakula cha mama ndicho cha mtoto, tofauti ikiwa ukubwa wa tonge tu. Chukua yule nyoka wa kahawia asiye na sumu, mwenye mistari miwili hafifu ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa, anayeingia majumbani na maghalani kufuata panya. Akikomaa chakula chake kikubwa ni panya. Watoto wake, hata hivyo, wengi hupendelea mijusi.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliyekuwa amepanga chumba mjini Kasese alikuwa na watoto sita wa nyoka huyu ndani ya ndoo. Kwa kuwa alijua mama hula panya, aliwatafutia vitoto vya panya visivyo na manyoya. Wawili walikula. Wanne waligeuza vichwa. Akaanza kuwalazimisha, na katika siku kumi watatu wakafa. Wa mwisho aliokolewa na binti wa mwenye nyumba, msichana wa darasa la tano, aliyeuliza swali ambalo mwenzangu hakuwa ameliuliza: "Kaka, kwani huyu hali mijusi?" Jioni hiyo alimletea mjusi kafiri mdogo aliyemkuta amebanwa na mlango. Mjusi akawekwa ndooni, ndoo ikafunikwa kwa kitambaa, taa ikazimwa, na hakuna aliyechungulia. Asubuhi mjusi hakuwepo. Baada ya hapo kitoto cha panya kilichosuguliwa kwenye mwili wa mjusi kilitosha kumdanganya, na baada ya wiki chache alikula panya bila kudanganywa.

Angalieni kilichobadilika. Nyoka alikuwa yuleyule na ndoo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni harufu ya chakula, giza na utulivu. Nyoka huyu huwinda usiku. Kumlisha saa sita mchana mbele ya marafiki watano wenye simu ni kumwomba akatae.

Mfano wa Bwera ni mbaya zaidi. Karibu na barabara iendayo Mpondwe nilimkuta kijana mwenye watoto tisa wa nyoka ndani ya dumu la plastiki lililokatwa juu. Alikuwa akiwaingizia vipande vya nyama ya ng'ombe kwa kijiti cha ufagio. Alijivunia ukali wao, kwani walijikunja na kusugua magamba hadi yakatoa sauti kama ya mafuta yanayokaangwa, naye aliamini ni nyoka wa sumu. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Tulipomfungua mdomo, fizi zilikuwa kama za kikongwe. Walikuwa nyoka wala mayai.

Nyoka huyu hula mayai ya ndege, na hali kitu kingine maisha yake yote. Hulimeza yai zima, akalipasua kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, akanywa kilichomo na kulitema ganda. Kelele na kujikunja kwake ni kuigiza nyoka wa sumu ili aachwe. Sasa mtoto wake anayetoka leo kwenye ganda atakula nini? Yai la kuku kwake ni kama nyumba. Hata yai la kware ni kubwa mno. Anahitaji mayai ya vindege vidogo kabisa vya nyasini, nayo hupatikana kwa wingi katika majira ya kutaga tu. Porini nyoka hawa huweza kukaa miezi bila chakula wakisubiri majira hayo. Ndani ya dumu la Bwera, mlo wa kwanza wa mtoto huyu haupo. Ujanja wote wa harufu, joto na giza hausaidii kitu, na nyama ya ng'ombe ni mateso matupu.

Nilimwambia, "Ndugu yangu, warudishe ulikowatoa, leo hii jioni." Akanijibu, "Nikiwarudisha majirani watawaua. Afadhali niwalishe." Jibu hilo linastahili kuheshimiwa, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kwetu nyoka akionekana huuawa kwanza, jina lake huulizwa baadaye, na methali yetu hutajwa kama hukumu ya mahakama. Lakini tazama hesabu yake. Nyoka aliyeachwa kwenye nyasi jioni ana nafasi ya kuishi, ndogo au kubwa. Mla mayai anayelishwa nyama kwa kijiti hana nafasi yoyote. Kumwepusha na jembe la jirani ili afe kwa kijiti changu si huruma.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba hata wataalamu hulisha kwa nguvu. Ni kweli, hufanya hivyo wakati mwingine. Lakini mtaalamu hufika hapo akiwa wa mwisho wa safari, baada ya kumpima mtoto uzito wiki hadi wiki, kubadilisha aina ya chakula, kurekebisha joto, kumpa maficho na kumwacha peke yake. Anayeanza na kijiti ameanzia mahali ambapo mtaalamu anaogopa kufika.

Wengine watasema wamejifunza kwenye video. Nimezitazama baadhi. Nyingi zinahusu nyoka wa mahindi wa Marekani, au yule chatu mdogo anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin. Mlezi wa kule ana panya waliogandishwa kwenye friji, kipimajoto na kitanda cha umeme cha kupasha joto. Na hata huko Marekani, mtoto wa nyoka wa mahindi akikataa panya, wafugaji wenye subira humpaka panya harufu ya mjusi, jambo lilelile alilolifikiria binti wa darasa la tano mjini Kasese. Vijana wetu hurukia dakika ya mwisho ya video, pale bomba linapoingia mdomoni, kwa sababu ndiyo inayosisimua.

Suala la joto nalo halionekani kwenye video hizo. Mji wa Kasese uko chini, kwenye tambarare yenye joto. Ukipanda vilima vya Bwera kuelekea Rwenzori, usiku hupoa. Nyoka hutegemea joto la nje ili tumbo lake lisage chakula. Mtoto aliyewekwa kwenye sakafu ya saruji penye baridi atakataa kula, na akilazimishwa, chakula kitaozea tumboni. Anapokataa huwa anajilinda. Sisi tunamwita mkaidi.

Kuna swali lingine ambalo wahadhiri wangu huenda wanajiuliza: nani anajali nyoka? Ajali mkulima. Yule nyoka wa kahawia hula panya wanaomaliza mahindi na karanga ghalani, wala halipwi. Ajali pia mzazi, kwa sababu kijana asiyeweza kutofautisha mla mayai na nyoka wa sumu, kesho ataokota mayai ya swila. Hapa methali inasema kweli kabisa: mtoto wa swila ana sumu tangu siku anayotoka kwenye yai, na mtoto wa kifutu, ambaye huzaliwa bila yai, ana sumu tangu siku anayozaliwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Kumfungua nyoka mdomo kwa vidole ni njia fupi ya kuingia katika orodha hiyo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na nyoka ni mnyamapori hata akiangulwa chini ya kitanda chako. Lakini sitaki tuishie kwenye kuogopa sheria. Hata kibali kikipatikana, swali langu linabaki: mlo wa kwanza unao? Kwa kila aina ya nyoka jibu ni tofauti. Kuna wanaotaka vyura wadogo, kuna wanaotaka mijusi, na wale wadogo wasioona, wanaofanana na nyungunyungu, hula mchwa na sisimizi pamoja na mayai yao. Asiyejua jibu kabla ya ganda kupasuka hana haki ya kulichukua yai.

Kwa hiyo ukiyakuta mayai chini ya mabua au kwenye rundo la takataka, usiyageuze, kwa maana kulizungusha yai la nyoka kunaweza kumuua aliye ndani. Yafunike kama ulivyoyakuta, uondoke. Ikiwa watoto wamekwisha kuanguliwa mikononi mwako, usiwashike, na usijaribu kutambua sumu kwa kuwafungua mdomo. Watafute maofisa wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda walioko kwenye Hifadhi ya Malkia Elizabeth, wawachukue. Kijiti kirudishe kwenye ufagio.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili nina dai moja zaidi. Tumezoea kuichambua methali hii kwa kutaja maana ya juu, maana ya ndani na matumizi, kisha tukafunga daftari. Wakati huohuo, katika soko la Mpondwe, wanunuzi wa Uganda na wa Kongo wanaelewana kwa Kiswahili kila siku ya soko, na maelezo ya kuwatambua nyoka wa milima hii vijana huyapata kwa Kiingereza, tena yakiwahusu nyoka wa kwingine. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mashuleni. Vizuri. Somo hilo litawafundisha watoto wa Bwera nini? Yule binti alijua nyoka mdogo hula mijusi kwa sababu alikuwa amewatazama. Hakuna kitabu cha Kiswahili alichowekewa kinachomwambia jinsi ya kumtambua mla mayai. Tukiandike.