"Breki zilifeli": Na aliyeuza pedi je?

Najua wengine mko cafe na dakika zinakatika, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja.

Ajali ikitokea mteremkoni, taarifa tunaijua hata kabla haijasomwa: gari lilifeli breki, dereva anatafutwa. Habari imeisha. Hakuna anayeuliza swali la pili. Hizo breki zilinunuliwa wapi? Nani alizifunga? Ziliingiaje nchini?

Mimi nimeanza kuuliza kwa sababu ya pikapu ya mjomba. Ni Hilux ya zamani, inabeba nyanya kutoka Ilula, inashuka Kitonga kwenda Morogoro. Anayeijua Kitonga hahitaji maelezo... kona juu ya kona, mlima upande huu, korongo upande ule. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha, fundi akafunga mpya. Boksi zuri, jina kubwa la Kijapani, shilingi 25,000. Wiki ya tatu mjomba akasikia chuma kinasaga. Bahati alikuwa bado juu, hajaanza kushuka. Akapaki, akalala hapo hapo, kesho yake gari likavutwa mpaka nyumbani. Angesikia ule mlio akiwa katikati ya kona, leo ningekuwa naandika tanzia.

Tukaamua kubadilisha pedi wenyewe, pale uani. Sina nia ya kuwanyang'anya mafundi ugali wao, lakini kitu usichokijua utauziwa chochote.

Gari tulilipaki tambarare, gia ya kwanza, handbreki juu, na mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Nati za tairi unazilegeza gari likiwa chini, ndipo unapiga jeki. Halafu unaweka stendi chini ya chasisi, maana jeki ikiteleza haikuombi radhi. Tairi likitoka unafungua bolti za kalipa. Kalipa usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, ifunge na waya juu.

Hapo ndipo tulipoona maajabu. Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka la kusagia. Pedi moja ilikuwa na chuma tupu, tabaka lote limebanduka kama soli ya kiatu cha mtumba! Breki inageuza mwendo kuwa joto. Ukiwa spidi 80 badala ya 40, joto la kusimama ni mara nne, siyo mara mbili. Na mteremkoni breki haipati muda wa kupoa. Gundi ya ovyo inaachia hapo hapo.

Tukaendelea. Vumbi tulifuta kwa kitambaa kibichi, hatukupuliza. Wengi gereji wanapuliza kwa kompresa, jamani acheni! Pedi feki haikuambii ina nini ndani, na pedi za asbesto hazijaisha duniani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto mwaka 2005, Afrika Kusini 2008, Marekani ikatangaza kuifuta kwenye pedi za kubadilisha mwaka 2024. Vumbi lake linaleta kansa.

Diski ilikuwa na mikwaruzo, lakini unene ulikuwa bado juu ya kiwango cha chini kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Tukarudisha pistoni ndani taratibu kwa klampu, huku tukiangalia mafuta ya breki yasifurike kwenye kichupa. Pini za kalipa tukazisafisha na kuzipaka grisi yake. Pedi mpya tukafunga pande zote mbili, kulia na kushoto, usibadilishe upande mmoja. Hizi tulinunua shilingi 80,000 na risiti juu.

Mwisho kabisa, kabla gari halijasogea hata inchi moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Ukisahau hili, breki ya kwanza itazama mpaka chini na utaingia ukutani kwako mwenyewe.

Sasa turudi kwenye siasa yake. Sheria tunayo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na kazi ya kukamata bidhaa feki iko kwa FCC. Viwango viko chini ya TBS. Sasa lile boksi lilipitaje?

Naona sababu tatu. Kwanza, feki imetengenezwa idanganye macho, na sisi tunakagua kwa macho. Trafiki barabarani ataangalia tairi, taa na stika, hawezi kufungua gurudumu. Pili, bei. Dereva anayelipwa kwa tripu akiona 25,000 na 80,000 hana haja ya kushawishiwa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, muuzaji hana cha kuogopa. Hakuna risiti, gari likianguka jina lake halitajwi popote.

Tuwe wakweli pia. Siyo kila "breki zilifeli" ni pedi feki. Wapo wanaoshuka na free ili kuokoa mafuta, wapo wanaopakia mpaka springi zinalia. Hao breki halisi pia haitawaokoa. Lakini bila kufungua magurudumu na kutuambia kilichokutwa, tutajuaje nani ni nani?

Mimi napendekeza hivi. Baada ya ajali ya "breki", ripoti ya ukaguzi wa gari itangazwe, na pedi zitajwe ni aina gani. Spea za breki na usukani ziuzwe kwa risiti yenye jina la duka, bila kisingizio. Na ikithibitika ni feki, muuzaji na mwagizaji wasimame kizimbani pamoja na dereva.

Mjomba yuko barabarani, anashuka Kitonga na gia nzito kama inavyotakiwa. Lile bamba tupu ameligongea msumari ukutani gereji, kila fundi anayekuja analiona.

Madereva, mafundi, na nyie wauza spea, mnasemaje? Uwanja ni wenu hapo chini. Matusi hapana.