MGONJWA WA NGIRI ASIACHWE NJIANI

Ngiri huwapata watu wa kila namna, wanaume kwa wingi zaidi, lakini mzigo wake mzito huwaangukia wale ambao riziki yao hutoka katika nguvu za mwili. Mvuvi wa Songosongo anayekokota mashua mchangani, na mkulima wa Kipatimu anayeteremka milima ya Matumbi na tenga la machungwa kichwani, hawana namna ya kuishi na uvimbe kinenani na huku wakiendelea na kazi. Ndiyo maana tunafurahi kila tunapoona wananchi wetu wakikubali kupasuliwa. Ngiri iliyoachwa inaweza siku moja kuunasa utumbo, damu ikakatika, na mtu akafa kwa jambo ambalo lingetibiwa mapema bila taabu kubwa.

Lakini liko jambo ambalo tunaona halipewi uzito unaostahili. Mgonjwa akishashonwa na kuruhusiwa, watu wote, yeye mwenyewe akiwamo, huhesabu kwamba matibabu yamekwisha. Sivyo.

Utafiti uliofanyika mashariki ya Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, unatufundisha mengi. Wanaume 302 walipasuliwa ngiri. Nusu yao waliwekewa wavu maalumu wa kiwandani, na nusu nyingine wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua, uliosafishwa kitaalamu. (Asije mtu akachukua chandarua cha nyumbani!) Baada ya mwaka mzima, ngiri ilikuwa imemrudia mgonjwa mmoja tu. Hiyo ndiyo sehemu iliyotangazwa sana. Sehemu ambayo haikutangazwa sana ni kwamba katika makundi yote mawili, wagonjwa wapatao watatu katika kila kumi walipata tatizo moja au jingine baada ya kupasuliwa. Mengi yalikuwa madogo. Lakini dogo hubaki dogo pale tu ambapo yupo mtu wa kulitazama.

Mgonjwa wa mjini akiona kidonda kimevimba huvuka barabara akarudi kwa daktari. Wa kwetu je? Kutoka vijiji vya Kipatimu hadi Njia Nne ni safari, na kutoka Njia Nne hadi Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ni safari nyingine. Kipatimu angalau pana hospitali ya misheni. Lakini anayeishi ng'ambo ya mto uliofurika anaiona kama iko nchi nyingine. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, hata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika wilayani Kilwa. Na wa visiwani husubiri bahari itulie. Songosongo, ambako gesi yake imekuwa ikizalisha umeme wa taifa tangu mwaka 2004, mtu mwenye usaha kinenani bado huuliza kwanza habari za upepo.

Ipo pia aibu. Ugonjwa wenyewe uko mahali pasipotajwa mbele za watu. Mtu hupata ganzi au maumivu ya kuchoma yanayodumu miezi, akanyamaza, akidhani kisu kimemharibu uanaume wake. Mwingine huona korodani imevimba na jirani akamwambia ni busha tu, maana pwani yetu inalijua busha vizuri mno. Kampeni ya kugawa dawa za matende na mabusha nchini ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Uvimbe baada ya upasuaji waweza kuwa maji au damu iliyovilia, ambayo mara nyingi hunywea yenyewe. Waweza pia kuwa ngiri iliyorudi. Atakayepambanua ni mganga, si jirani.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila mgonjwa aondoke hospitali na karatasi ya Kiswahili, iseme amefanyiwa nini, kama amewekewa wavu, na dalili zipi zisisubiri: homa, usaha, wekundu unaoenea, uvimbe unaokua na kuwa mgumu, mkojo kuziba, kutapika huku choo na hewa havitoki. Nakala yake imfikie mganga wa zahanati ya kijiji chake, ili siku ya kutoa nyuzi asimwone kama mgeni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wapewe majina ya waliopasuliwa, wawapitie nyumbani katika wiki mbili za mwanzo. Na hospitali impe mgonjwa namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.

Nasi wananchi tuna letu. Kukanda kidonda kwa maji ya moto, kupaka majivu au majani, ni kukaribisha usaha. Kutembea polepole tangu siku za mwanzo kunafaa; kunyanyua vitu vizito kungoje wiki nne hadi sita, au kadiri daktari atakavyosema. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na si haki kuupita kimya kimya. Mvuvi hulipwa kwa fungu. Asiyekwenda baharini hana fungu. Tunamwambia apumzike wiki sita, ale nini? Wengi hurudi kuvuta jarife wiki ya pili si kwa ukaidi, bali kwa njaa ya watoto. Tungependa kuona manahodha na vikundi vya ulinzi wa fukwe wakikubaliana kumwekea mwenzao aliyepasuliwa japo nusu fungu hadi apone, na vyama vya wakulima vifanye vivyo hivyo wakati wa mavuno.

Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa inapopanga bajeti yake, huhesabu vitanda, dawa na vyumba vya upasuaji. Tunaiomba iongeze nauli ya boti na ya gari ya kumrudisha mgonjwa mara moja kutazamwa, kwa wale wa visiwani na wa milimani wasio na uwezo.