BAISKELI, FUSO NA MWENDA KWA MIGUU: NANI AMPISHE NANI?



Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa kijiji chetu alivunjwa mguu barabarani. Hakugongwa na gari. Aligongwa na baiskeli iliyobeba matenga mawili ya dagaa, ikishuka mteremko kuelekea ziwani, breki hakuna, kengele hakuna. Kijana aliyekuwa juu yake alikuwa akisimamisha kwa kandambili, yaani anakandamiza mguu kwenye tairi la mbele. Kandambili ikakatika. Mama akaanguka, dagaa wakamwagika, na kijana naye akachubuka uso mzima.

Tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi. Wenye baiskeli wanasema kosa ni la yule mama, eti alitembea katikati ya njia. Wenda kwa miguu wanasema baiskeli zipigwe marufuku kwenye barabara ya bandarini. Madereva wanacheka, wanasema, "Si tuliwaambia? Hao watu wa baiskeli ni vichwa ngumu." Na bodaboda wamekaa kimya, wakijua kwamba wakifungua mdomo zamu itakuwa yao.

Sisi wa kamati ya gazeti hili tumekaa, tumelizungumza jambo hili, na tunatoa maoni yetu waziwazi. Asiyekubali aje mkutanoni atupinge. Ndiyo kazi ya ushirika.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu baiskeli. Baiskeli ni chombo cha mnyonge. Haili mafuta, haidai leseni, na ikiharibika fundi wa kijijini anaitengeneza kwa spana mbili na kipande cha mpira. Wazee wanaikumbuka Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Waliokuwa nayo walijiona wameukata. Mpaka leo baiskeli ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, mgonjwa zahanati, mtoto shule na dagaa sokoni. Anayesema baiskeli zipigwe marufuku hajafikiri. Akizipiga marufuku leo, kesho mkewe atabeba gunia kichwani.

Lakini chombo cha mnyonge kinaweza kumuua mnyonge mwenzake. Tupige hesabu kidogo. Mpanda baiskeli kilo 60, mzigo kilo 100, baiskeli yenyewe kilo 20. Jumla kilo 180. Kwenye mteremko inafika kilomita 30 kwa saa bila hata kukanyaga pedeli. Kugongwa kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 3 na nusu. Yaani ni kama kudondoka kutoka juu ya paa. Je, bibi wa miaka 70 akidondoka kutoka juu ya paa atasimama?

Sasa tuchukue Fuso. Likienda kilomita 50 kwa saa, linakula mita 14 kila sekunde. Kugongwa nalo ni sawa na kuanguka kutoka mita 10, juu kabisa ya mwembe mkubwa. Tena dereva, kabla mguu wake haujafika kwenye breki, gari limeshakwenda mita 14 au zaidi. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki kushika unazidi mara nne, siyo mara mbili. Hilo halina ubishi, hata kama dereva ni fundi namna gani.

Na sisi tunakaa mahali penye mteremko. Sumbawanga kule juu iko mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita kama 770. Kila gari linalotoka uwanda wa Ufipa kuja Kabwe linateremka kama mita 1,000. Linapofika kwetu breki zimepata moto, dereva amechoka, utingo amelala juu ya mzigo, na wote wanataka kuwahi bandarini. Hapo ndipo wanapokutana na watoto wetu wanaotoka shule.

Basi tuje kwenye lile swali la nani ampishe nani. Tunasikia watu wakisema barabara ni ya magari. Si kweli. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo ndiyo inayotumika mpaka sasa pamoja na marekebisho yake, inamtambua dereva, inamtambua mpanda baiskeli, na inamtambua mwenda kwa miguu. Wote watatu wana haki na wote watatu wana wajibu. Hakuna aliyeandikiwa kwamba barabara ni ya baba yake.

Lakini haki sawa haina maana ya hatari sawa. Mwenye chombo kizito ndiye anayeua, na asiye na chombo ndiye anayekufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021 duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni watu kama sisi, siyo waliokaa ndani ya mabati.

Na nchi yetu imeonja. Kijana Seti Benjamin alikufa kwa ajali ya gari 1967 akiwa njiani, anatembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Tarehe 12 Aprili 1984 tulimpoteza Waziri Mkuu, ndugu Edward Sokoine, kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Mmoja alikuwa kwa miguu, mwingine alikuwa ndani ya gari la serikali. Ajali haiangalii cheo.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja, na ni rahisi hata mtoto anaielewa: mzito ampishe mwepesi. Fuso limwangalie mwenye pikipiki. Pikipiki imwangalie mwenye baiskeli. Na baiskeli impishe mwenda kwa miguu. Mwenye baiskeli anayelalamika kwamba Fuso linambana mpaka mtaroni, halafu yeye mwenyewe anambana bibi kizee mpaka kwenye miiba, huyo ana tofauti gani na dereva? Ni yule yule, ila hajapata gari.

Hapa tunataka kusahihisha jambo moja ambalo wengi wanakosea. Wapanda baiskeli wengi wanapita upande wa kulia, wanasema wanataka kuliona gari linalokuja. Ndugu, hilo ni kosa. Anayetakiwa kwenda kulia ni mwenda kwa miguu. Mpanda baiskeli aende kushoto, kama gari.

Sababu ni hii. Wewe unakwenda kilomita 15 kwa saa, gari linakwenda 50. Mkifuatana upande mmoja, gari linakukaribia kwa mwendo wa 35. Mkikabiliana uso kwa uso, mnakaribiana kwa mwendo wa 65. Muda wa dereva kukuona na kukupisha unapungua karibu nusu. Tena ukiwa kulia unamtokea mwenda kwa miguu kwa nyuma, mgongoni, hakuoni. Ukiwa kushoto, na yeye akiwa kulia kwake, mnaonana macho kwa macho, mnasalimiana, mnapishana. Ndivyo ilivyo. Yule mama aligongwa kwa nyuma.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatukupenda kuliandika, lakini tukinyamaza tutakuwa wanafiki.

Tulimwuliza yule kijana kwa nini alikuwa anakimbiza. Akajibu, "Mzee, nalipwa kwa safari. Nikienda taratibu nafanya safari mbili. Nikikimbiza nafanya nne." Tukamwuliza kwa nini hakutengeneza breki. Akasema, "Pesa ya raba za breki ni pesa ya unga." Tukanyamaza.

Maana yule dagaa alikuwa wa nani? Alikuwa wa wanachama. Na lile Fuso linalopita kijijini kama linakimbizwa na simba, mara nyingi mzigo wake ni wa nani? Wa wanachama. Ni sisi tunaomwambia dereva, "Kaka, wahi, migebuka itaharibika." Ni sisi tunaomsifu bodaboda aliyefika kabla ya wenzake. Halafu jioni tunakaa barazani, tunalaani mwendo kasi. Jamani! Mwendo kasi tunaununua wenyewe. Tunaulipia kwa pesa taslimu, halafu mtu mwingine anaulipia kwa mguu wake.

Basi kosa lisibebeshwe kijana wa baiskeli peke yake. Ana kosa, ndiyo, na tumemwambia. Lakini mwenye mzigo naye ana kosa. Anayetuma mzigo kwa baiskeli isiyo na breki ni sawa na anayetuma mtu ziwani kwa mtumbwi uliotoboka. Mtumbwi ukizama, hatusemi kosa ni la mpiga kasia tu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa chama, yajadiliwe na kupigiwa kura:

1. Mzigo wa mwanachama usipakiwe kwenye baiskeli isiyo na breki mbili na kengele. Mpakiaji akague kabla hajainua tenga. Kukagua ni kazi ya nusu dakika: bana breki, sukuma baiskeli, ikienda basi haifai.

2. Duka la chama liweke raba za breki, nyaya na kengele, na mbebaji akopeshwe, akatwe kidogo kidogo kwenye malipo yake. Asiambiwe "tengeneza breki" na mtu asiyemwonyesha pesa itatoka wapi.

3. Malipo yawe kwa uzito uliofika salama, na kila mbebaji awe na kiwango cha mzigo kwa siku, ili asiwepo wa kushindana na mwenzake kwa kukimbiza. Kwenye mteremko mkali, mwenye mzigo ashuke asukume. Si aibu. Aibu ni kwenda kuomba radhi hospitalini.

4. Baiskeli inayotembea usiku iwe na taa. Asiye na dainamo afunge tochi, na nyuma aweke kiakisi mwanga au hata kitambaa cheupe. Wavuvi wanaopanda alfajiri wamevaa makoti meusi, baiskeli nyeusi, na giza jeusi. Dereva atakuona kwa lipi?

5. Gari linalokodiwa na chama lipite kijijini polepole. Sheria inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa penye makazi, lakini 50 ni mwisho, siyo lazima. Sisi tunasema 30 inatosha mbele ya shule na sokoni. Dereva akikaidi, safari ya pili asipewe mzigo. Hapo tuna nguvu, kwa sababu pesa ni yetu.

6. Serikali ya kijiji iombwe kupeleka maombi wilayani ya matuta na vibao vya shule. Tusikae tu kusubiri. Pembeni mwa barabara tunaweza kusafisha njia ya miguu wenyewe, kwa majembe yetu, siku mbili tatu za kujitolea.

7. Na ninyi akina mama na akina baba wa biashara, ondoeni meza, matenga na mikeka pembeni mwa barabara. Mmeifanya njia ya miguu kuwa genge, ndiyo maana watu wanatembea katikati. Yule mama alitoka pembeni kwa sababu pembeni palikuwa na nyanya. Jambo hilo nalo lisemwe.

Tunajua wapo watakaosema mambo haya yatachelewesha mzigo. Ni kweli, yatachelewesha kidogo. Lakini hebu pigeni hesabu ya siku ile: tenga mbili zilimwagika, kijana hakufanya kazi siku tano, mama hajaingia shambani mpaka leo, na mtu mmoja wa nyumba yake ameacha kazi ili amuuguze. Faida ya zile safari mbili za kukimbiza iko wapi? Haraka haraka haina baraka, wahenga walishasema, na sisi tumeliona kwa macho yetu.

Wapo pia watakaosema, "Waanze madereva kwanza, sisi wa baiskeli tutafuata." Na madereva watasema vivyo hivyo juu ya baiskeli. Kwa mtindo huo hakuna atakayeanza mpaka tuzikane. Sisi tunasema aanze anayesoma ubao huu. Ukitoka hapa, kama baiskeli yako umeiegemeza pale kwenye ukuta, ibane breki kabla hujaipanda. Isiposhika, isukume mpaka kwa fundi. Ukikutana na mtoto njiani, piga kengele mapema, punguza, mpishe.

Yule mama anatusalimu. Alipotembelewa na kamati hakudai fidia wala hakumtukana kijana. Aliuliza neno moja tu: "Breki mmemwekea?" Mpaka tunaandika haya, hajawekewa. Hilo ndilo swali tutakaloanza nalo mkutanoni.

Wanachama wote wafike. Wabeba mizigo na bodaboda, hata wasio wanachama, wanakaribishwa na watasikilizwa.

Kamati ya Gazeti la Ukutani
Kabwe