Elfu Arobaini kwa Kichwa cha Treni

Nauli ya daraja la kawaida ya treni ya reli ya kisasa, SGR, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa viwango vilivyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, mwaka 2024, ni shilingi 31,000. Hadi Morogoro ni 13,000. Kichwa kimoja cha treni cha kuongezea kwenye gemu la Train Sim World, kabla ya punguzo, huuzwa dola 15 hadi 20, ambazo kwa fedha yetu ni elfu arobaini kwenda hamsini. Kijana wa Chamazi mwenye kiasi hicho anaweza kupanda treni ya kweli hadi makao makuu ya nchi na akabakiwa na ya kula njiani, au anaweza kujifungia chumbani na laptopu yake akaendesha treni ya Kijerumani ambayo huenda asiione maisha yake yote. Ukilisema jambo hili barazani, hukumu hutoka kabla hujamaliza: vijana wa siku hizi pesa inawawasha.

Wanaohukumu hivyo ni wazee walewale wasiotoa neno kijana akimaliza kiasi hichohicho kwa mikeka ya kubeti, tena kila wiki. Anayenunua kichwa cha treni cha kwenye kioo walau anajua anachopata. Swali la kuulizwa ni jingine: amepewa nini hasa kwa pesa yake, na kwa nini katika kila anachoweza kununua hakuna hata treni moja inayopita nchini kwake?

Chamazi haina reli. Wageni huijua kwa uwanja wa Azam Complex, na wenyeji huijua kwa foleni ya daladala za Mbande na Mbagala Rangi Tatu. Reli iliyo jirani kiasi ni ya TAZARA, inayopita upande wa Yombo na Mwakanga. Ni njia hiyo ambayo Oktoba 2012 ilianza kubeba abiria wa mjini wakati wa Waziri Harrison Mwakyembe, na watu wanaiita treni ya Mwakyembe hadi leo. Kwa mtoto aliyekulia Chamazi, treni ilikuwa kitu cha kusikia honi yake ukiwa safarini, au cha kusubiri kipite kwenye tambukareli. Kisha katikati ya 2024 treni ya umeme ikaanza safari za Morogoro, halafu Dodoma, na ile seti yenye pua iliyochongoka ikapachikwa jina la Mchongoko hata kabla haijazoeleka. Simu za vijana zikajaa video zake. Tamaa ya kukaa kiti cha dereva ilitoka huko, lakini abiria wa kawaida haruhusiwi kuingia kwenye kibanda cha dereva. Kompyuta inamruhusu.

Biashara yenyewe ina ujanja wake. Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Train Simulator, na mwaka huohuo kampuni ya Auran ya Brisbane, Australia, ikatoa Trainz. Magemu hayo yaliuzwa kwenye sanduku, na wachezaji wenyewe wakawa wanatengeneza vichwa, mabehewa na vituo na kupeana. Baadaye kampuni ya Uingereza, Dovetail Games, ilikomaza utaratibu tofauti: gemu la msingi bei nafuu, kisha kila njia na kila kichwa kinauzwa peke yake, mwaka hadi mwaka. Nyongeza za Train Simulator, ambayo sasa inaitwa Train Simulator Classic, zimekuwa nyingi kiasi kwamba mtu akitaka kuzimiliki zote itabidi atoe maelfu ya dola. Wauzaji hujibu kwamba hakuna anayetarajiwa kununua zote. Kila mmoja achague reli anayoipenda, kama wafanyavyo Wazungu wanaokusanya treni ndogo za mezani. Nusu ya jibu hilo naikubali. Kazi ya kutengeneza kichwa kizuri si ndogo. Mtu lazima apime kibanda cha dereva hadi swichi ya taa, arekodi injini ikinguruma na breki ya upepo ikitoa pumzi, na mara nyingi alipie leseni ya nembo ya shirika la reli.

Na kichwa kilichotengenezwa vizuri kinafundisha. Treni za Kijerumani kwenye Train Sim World zina Sifa, mfumo unaomtaka dereva athibitishe kila mara kwamba yuko macho, la sivyo treni inajifunga breki. Zina PZB, inayomkamata dereva aliyepuuza ishara. Anayeziwasha zote mbili, badala ya kuzizima ili apite kirahisi, baada ya juma moja atakuwa na heshima mpya kwa watu wanaoendesha treni zenye abiria mamia. Kama nia ni kuielewa SGR yetu, ningemshauri aangalie Uingereza kwanza. Ujerumani inatumia umeme wa kilovolti 15, wakati njia ya Dar es Salaam na Morogoro inatumia kilovolti 25, sawa na njia ya kasi inayotoka London St Pancras kwenda Kent, ambayo gemu hilo linayo pamoja na treni yake ya Class 395. Treni hiyo hukimbia kilomita 225 kwa saa na yetu ilisanifiwa kwa 160, lakini mazoea ya kuendesha treni ya umeme yanakaribiana.

Hata hivyo pesa nyingi hupotelea mahali pamoja, napo ni kununua kichwa bila kuangalia njia. Katika Train Sim World, vichwa vingi vya nyongeza vimefungwa kwenye njia maalumu. Usipokuwa na njia hiyo, ratiba zake hazifunguki, na umebaki na chuma kizuri cha kuzungushia kamera. Maelezo hayo yameandikwa chini ya ukurasa wa duka kwa herufi ndogo, na mnunuzi mwenye bando la kupimwa hasomi hadi chini.

Hapa hatuna haki ya kumcheka mtu, kwa sababu historia ya reli yetu imejaa masomo hayohayo. Jiji moja la Dar es Salaam lina reli za upana wa aina tatu: Reli ya Kati yenye milimita 1,000, TAZARA yenye 1,067 na SGR yenye 1,435. Kichwa cha reli moja hakiwezi kuisaidia nyingine hata siku ya shida. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilianza na vichwa vya Kichina ambavyo milima ya kusini ilivielemea, na miaka ya 1980 ikalazimika kuleta vingine vya muundo wa General Electric kupitia Krupp ya Ujerumani Magharibi. Mwaka 2017 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba bandarini kuna vichwa vya treni vilivyoshushwa bila mwenyewe kujulikana. Mwishowe Shirika la Reli Tanzania (TRC) likanunua 11. Taifa zima lilijadili swali ambalo mchezaji wa Chamazi anapaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza: nani aliagiza, na kitatembea wapi?

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalipigii tarumbeta. Unacholipia si mali yako. Ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa inaweza kuondoka pamoja na duka, akaunti au seva. Wachezaji wa gemu la magari la The Crew walilijua hilo Machi 31, 2024, Ubisoft ilipozima seva zake na gemu walilolilipia likawa halifunguki. Jimbo la California likatunga sheria iliyoanza kazi 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kwamba mnunuzi anapata leseni, na duka la Steam likaanza kuonyesha tangazo hilo hata kabla ya tarehe kufika. Kwetu mnunuzi anafaidika na tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mtu wa California, na hata hilo liko kwa Kiingereza.

Halafu ni dola. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa bei kwa fedha za kigeni, lakini duka la gemu lililoko ng'ambo linakuonyesha dola bila wasiwasi. Kulipa kumekuwa rahisi kuliko zamani, kwa kuwa kadi za mtandaoni zilizounganishwa na pesa za simu zinapokelewa, ila kiwango cha kubadilishia fedha hukijui hadi makato yameshapita. Serikali nayo haiko mbali: Sheria ya Fedha ya 2022 iliwaingiza wauzaji wa huduma za kidijitali walio nje ya nchi kwenye VAT. Sioni ubaya wa kodi hiyo. Ninachoona ni kwamba shilingi inatoka, kodi inakatwa, na hakuna fundi hata mmoja wa Temeke aliyepata mkate katika mzunguko huo.

Wapo watakaosema dawa ni kukreki, yaani kutumia nakala za wizi. Sitajifanya sijui kwamba laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini huja na magemu ya namna hiyo tayari. Lakini mtu akipakua kichwa cha treni kutoka mahali asipopajua, mara nyingi hupakua na mdudu wa kumwibia nywila, na zaidi ya hapo anaiba kazi ya mtu aliyekaa miezi akichonga kibanda cha dereva. Tena hana sababu. Open Rails ni ya bure kabisa na ya halali, toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2015, inasoma vitu vilivyotengenezwa kwa lile gemu la zamani la Microsoft, na haidai kompyuta ya bei mbaya. Sura yake si ya kuvutia kama ya Train Sim World. Treni inatembea, na kilicho muhimu zaidi, mlango wa kutengeneza ya kwako uko wazi.

Nimefika kwenye hoja ninayoiona kubwa kuliko bei. Njia rasmi za Train Sim World ziko kwa wingi Uingereza, Ujerumani na Marekani, na chache nchi kama Ufaransa, Uswisi na Austria. Afrika haimo. Siwalaumu wenye kampuni, wanauza panapouzika. Ila ukitazama upande wa mabasi unaona hali inavyoweza kugeuka. Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017 kwa ajili ya simu, iliruhusu mchezaji abadili rangi za basi na kuingiza magari ya kujitengenezea. Vijana wa Tanzania hawakusubiri kualikwa. Wakachora mabasi ya mikoani kwa rangi na maandishi yake, wakapeana kwa WhatsApp, wengine wakauziana. Gemu la Indonesia likawa la Kibongo bila mtu kusaini mkataba wowote. Kumbe mahitaji yapo na ufundi upo. Kilichokosekana upande wa treni ni malighafi, kwa sababu basi unaliona kila siku na kulipiga picha stendi, lakini kichwa cha treni kiko nyuma ya uzio wa shirika la umma.

Kwa hiyo lawama, kama ni lazima ipelekwe mahali, naipeleka TRC na TAZARA. Mashirika haya yana michoro ya vituo, vipimo vya vichwa, ratiba za zamani na sauti zinazolia bure kila asubuhi. Yangeweza kutoa kibali chenye masharti mepesi: tumia nembo, tumia rangi, taja chanzo, usitangaze kwamba ni bidhaa rasmi. Atakayepinga atataja usalama, na ana haki ya kuutaja. Mifumo ya ishara na mawasiliano ya SGR isitolewe kwa mtu. Umbo la kituo cha Pugu, ambalo kila abiria anaweza kulipiga picha, si siri ya nchi. Kuhusu Mchongoko na vichwa vya umeme ni kweli itabidi Hyundai Rotem, waliovitengeneza, waulizwe, na majibu ya kampuni kubwa huchelewa. Ndiyo maana ningeanza na vya zamani.

Na vya zamani ndivyo vyenye hadithi. Katika makumbusho ya reli Nairobi limesimama garimoshi la mvuke la daraja la 59, moja kati ya 34 yaliyotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki, yakiwa makubwa kuliko yote ya mvuke yaliyopata kutembea kwenye reli ya mita. Yalipewa majina ya milima. Lile linaitwa Mount Gelai, na mwenzake ni Mount Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron na Shengena uko Upareni. Kijana wa VETA Chang'ombe au wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, akilichonga kwenye kompyuta na kuliuza elfu tano kwa pesa za simu, nitalinunua, na sitamuuliza kama kuna njia ya kulitembezea, maana najua mwenzake atakuwa anaichora.

Muda nao unabana. TAZARA inafufuliwa chini ya makubaliano na kampuni ya Kichina ya CCECC yenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, na vichwa vipya ni sehemu ya mpango huo. Vilivyochoka vitakwenda kwenye chuma chakavu, kama kawaida yetu, bila mtu kurekodi vinavyonguruma vikiwa vimeelemewa. Kazi hiyo haihitaji zabuni. Inahitaji maikrofoni, kamera, futi ya kupimia, siku moja ndani ya karakana ya Dar es Salaam, na ofisa mmoja wa kusaini kibali.