Mwenye Baiskeli Amefulia?

Hapa Dar es Salaam Mzungu akipita na baiskeli kule Oysterbay, watu husema anafanya mazoezi. Mbongo akipita na baiskeli hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, watu husema jamaa amefulia. Sasa nauliza, wadau: miguu ni miwili kwa wote, jasho ni lile lile. Tofauti iko wapi?

Tofauti iko vichwani mwetu. Tumeshaamua kwamba baiskeli ni ya muuza samaki, ya mtembeza mkaa, ya mlinzi anayetoka lindo. Msomi akienda nayo ofisini, basi mshahara haujatoka, au ni bahili, au kichwa hakiko sawa. Akiwa msichana ndiyo balaa kabisa, kila kijiwe atakachopita kitakuwa na la kusema.

Mimi ni mwandishi wa habari na kazini naenda kwa baiskeli. Kuna siku nilifika ofisi moja mjini kufanya mahojiano, mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, wanakopokelea mizigo. Hapo hapo ikaja gari, geti likafunguliwa, na mwenye gari hata jina hakuulizwa. Mjini kwetu gari ni kitambulisho.

Mtu anaweza kusema haya ni ya kucheka tu yaishe. Hapana, dharau hii ina gharama. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kazi mwaka 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Jiji likapewa hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini hebu jaribu kupita kwenye njia hizo jioni: utakutana na bodaboda anayewahi abiria, meza ya machungwa, gari limeegeshwa. Hakuna anayeona kosa, kwa sababu wengi wanaamini njia ile haina mwenyewe.

Na barabara zetu nyingi hazina hata njia hiyo. Mwendesha baiskeli anabanwa kati ya daladala na mtaro, huku anapigiwa honi kama mbuzi aliyepotea njia. Siku akigongwa, watu watauliza alikuwa anafuata nini barabarani. Alikuwa anaenda kazini, ndugu zangu, kama wewe! Mtu ambaye hatumhesabu akiwa mzima, nani atamkumbuka wakati wa kuchora barabara?

Najua mtaniambia Dar ina jua na watu wanakaa mbali. Kweli, anayetoka Chanika au Bunju siwezi kumwambia apige pedeli hadi Posta, tusidanganyane. Lakini Sinza hadi Posta ni kama kilometa 10 tu. Ukitoka mapema, jua halijachachamaa, shati safi liko kwenye begi, unaweza kufika kabla ya jirani yako aliyekwama kwenye foleni Magomeni. Ukitaka mfano wa hapa hapa nyumbani, nenda Tanga, uone wakubwa kwa wadogo wanavyokwenda zao na baiskeli bila mtu kushangaa.

Wengine hudhani Waholanzi walizaliwa na baiskeli. Si kweli. Miaka ya 1970 wazazi huko waliingia mitaani kuandamana kwa sababu magari yalikuwa yanaua watoto wao, na barabara zikaanza kubadilishwa. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wao tangu 2010 hadi 2024, alikuwa akienda ofisini kwa baiskeli. Hivi huyo naye alikuwa amefulia?

Simlazimishi mtu kuuza gari lake. Ninachotaka ni kidogo tu. Wahandisi mkichora barabara mumkumbuke mwenye baiskeli. Mabosi mtutengee sehemu ya kufungia baiskeli, hata kama ni kona ya nyuma ya jenereta. Na sisi vijana tuliosoma tuache kudhani kwamba shahada inakamilika siku ya kununua IST kwa mkopo.

Kesho asubuhi niko barabarani kama kawaida. Ukiniona usinionee huruma. Nipishe tu nipite.