Theluji yapungua, milima ipo

Mhariri,

Kilimanjaro ikitajwa, mazungumzo huishia kwenye barafu yake, ambayo tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Inauma, na tuna haki ya kusikitika. Lakini mlima si barafu tu. Huku Nyakunguru hatuijui theluji, na bado Julai, kipupwe kikishika, hakuna raha kama kupanda vilima vya Tarime alfajiri: umande unalowesha suruali hadi magotini, moshi wa kuni unapanda taratibu, na ukungu ukiinuka, bonde la Mto Mara linafunguka upande wa kusini. Naziomba halmashauri za Tarime na Serengeti zitutengenezee njia za miguu na kutunza miti ya asili vileleni, vijana wetu nao wapande.

Msomaji wako,
Nyakunguru, Mara