Octavia Butler na Haki ya Kuibuni Kesho

Miongoni mwa wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wapo wanaoiona bunilizi ya kisayansi kuwa mgeni aliyepotea njia. Hoja yao ni kwamba jamii ambayo haijaunda roketi haina sababu ya kutunga hadithi za roketi. Kwamba utanzu huo ni mali ya mataifa yenye viwanda, na mwandishi wa Kiafrika anayeuandama anayakimbia matatizo ya watu wake. Hoja hii ina mvuto, lakini haina mashiko. Maisha ya mwandishi mmoja wa Marekani, Octavia Butler, yanatosha kuipangua.

Butler alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Pasadena, katika jimbo la California. Baba yake, aliyeishi kwa kung'arisha viatu, alifariki binti huyo angali mtoto, naye akalelewa na mama na nyanya yake. Mama alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu, akiingilia mlango wa nyuma na kuvumilia maneno ambayo mwanawe aliyasikia bila kuyaelewa. Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye haya nyingi, na tena kusoma kulimpa taabu kwa sababu ya tatizo la kutatizwa na herufi. Hata hivyo, maktaba ya umma ikawa ndiyo kimbilio lake. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliomba anunuliwe taipureta, na mama huyo wa kipato duni akamnunulia. Baadaye alitazama katika televisheni filamu hafifu kuhusu mwanamke kutoka sayari ya Mirihi, akaamua kwamba yeye angeweza kutunga hadithi iliyo bora kuliko ile.

Njia haikuwa nyeupe. Hata katika ukoo wake alikuwako aliyemwambia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Mnamo 1970 alihudhuria warsha ya waandishi iitwayo Clarion na kuuza hadithi mbili, kisha ikapita miaka mitano pasipo kuuza hata moja. Katika kipindi hicho aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu na hata kukagua krispi za viazi. Aliamka saa nane za usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilichapishwa mwaka wa 1976. Je, mtu wa namna hii anaweza kusemwa kwamba aliandika kwa sababu alikuwa ameshiba maendeleo ya viwanda?

Ukweli ni kwamba Butler hakuvutiwa sana na mitambo. Swali lililomkera ni nani ana uwezo juu ya nani, na anayeonewa hufanya nini ili aishi. Riwaya yake mashuhuri, Kindred (1979), inathibitisha jambo hili. Alipokuwa chuoni alimsikia kijana mmoja mweusi akiwalaumu wazee wao kwa kunyenyekea mno mbele ya Wazungu. Butler alimkumbuka mama yake na ule mlango wa nyuma, akatambua kwamba unyenyekevu huo ndio uliowalisha watoto. Basi akambuni Dana, mwanamke mweusi wa mwaka wa 1976, anayevutwa ghafla hadi Maryland ya enzi za utumwa, ambako analazimika kumwokoa mara kwa mara mtoto wa mmiliki wa watumwa, kwa kuwa mtoto huyo ni babu wa ukoo wake. Hakuna mtambo unaomsafirisha. Kwa sababu hiyo Butler mwenyewe hakuihesabu riwaya hii kuwa ya kisayansi. Lakini mbinu ni ile ile: kulivunja jambo moja la uhalisia ili ukweli uliofunikwa uonekane.

Wapo pia wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuubeba utanzu huu. Na waisome hadithi fupi ya Butler, "Speech Sounds", iliyompa tuzo ya Hugo mwaka wa 1984. Ugonjwa umezuka, na watu wamepoteza uwezo wa kusema au wa kusoma. Mwanamke mmoja anaweza bado kusema, lakini vitabu alivyovipenda vimekuwa karatasi bubu. Mwanamume anayekutana naye anaweza kusoma, lakini hana sauti. Wivu wa kumwonea mwenye lugha unakaribia kumfanya mtu aue. Ni istilahi gani ya kigeni inayohitajika hapo? Kwa mwanafunzi wa lugha, ni vigumu kupata hadithi inayomhusu zaidi ya hiyo.

Mwaka wa 1993 Butler alitoa Parable of the Sower, inayoanza mwaka wa 2024 katika California iliyoteketea kwa ukame na moto, ambako maji ni ghali na watu hujifungia nyuma ya kuta. Msichana Lauren Olamina anaondoka humo kwa miguu kwenda kutafuta namna nyingine ya kuishi. Mnamo 2020, miaka 14 baada ya mwandishi kufariki, riwaya hiyo iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times. Wengi walimwita nabii. Sifa hiyo inampunja. Butler aliyatazama tu mambo yaliyokuwa yakipuuzwa katika siku zake, akauliza yatatufikisha wapi yakiachwa yaendelee. Kuuliza hivyo hakuhitaji ufunuo wala kiwanda, kunahitaji ujasiri.

Heshima zilikuja. Mwaka wa 1995 alipewa ufadhili wa MacArthur, akiwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi ya kisayansi kuupata. Mwaka wa 2021 shirika la NASA lilipaita kwa jina lake mahali chombo cha Perseverance kilipotua katika sayari ya Mirihi.

Kwetu nako mlango huu uliwahi kufunguliwa. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Alimtoa mhusika wake duniani akampeleka katika ulimwengu wenye haki ambao jina lake, likitamkwa polepole, linasema "wale ni sisi". Hakuyakimbia matatizo ya jamii. Aliyapanda juu ili ayaone yote kwa pamoja.

Kwa hivyo, wahakiki hawana budi kuacha kuupima utanzu huu kwa idadi ya roketi za taifa. Mwalimu asimkatize mwanafunzi anayetaka kuutafiti, mchapishaji asiurudishe mswada kabla ya kuusoma, na wafasiri wazipe kazi za Butler nafasi katika Kiswahili. Aliyeridhika na leo ana sababu chache za kubuni kesho. Aliyenyimwa leo ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuibuni, na akinyamaza, kesho hiyo itabuniwa na wengine.